Uchambuzi wa kisa: binti mwenye usonji kwenye kazi ya kupokea simu kutwa nzima

Kabla ya yote

Mwenyewe kaniruhusu niandike, kasoma, na kakata sehemu mbili tatu ambazo alisema wenzie wangemjua. Jina sio lake, mji siutaji, kampuni siitaji. Tumuite Mwanaidi. Mimi nipo upande wa utumishi kazini, yaani HR, sio kwenye kampuni aliyokuwepo yeye, tulijuana kupitia ndugu na nimekuwa nae kwenye hili tangu usiku ule alipotaka kuacha kazi kwa meseji. Naandika kwa sababu ushauri mwingi unaotembea mtandaoni kuhusu watu wazima wenye usonji (autism) makazini unatoka nchi ambazo mtu akikosa kazi kuna posho ya serikali, huku kwetu ukiacha kazi kuna ada ya mdogo wako inakusubiri na kuna mjomba aliyekuombea hiyo kazi, sasa "fuata moyo wako uache" inakuwa ushauri wa kumfukuza mtu mjini.

Historia yake

Mwanaidi ni mtu wa pwani, mtoto wa kwanza kati ya wanne, umri chini kidogo ya thelathini, ana diploma ya uhasibu. Utotoni hakuna aliyestuka, na hapa nataka nikae kidogo. Orodha nyingi za dalili utakazozikuta zinaanza na kwamba mtoto haangalii watu machoni. Kwetu binti anaeangalia chini akiongea na mkubwa ndo kalelewa! Haongei sana, hashindi kibarazani, harusi ikianza kupigwa mziki yeye kashaingia ndani kalala, nguo yenye lebo shingoni anaikata na mkasi, chakula ni wali na samaki wa kukaanga mchuzi uwe pembeni usiguse wali. Majirani walikuwa wanamtolea mfano kwa mabinti zao. Mama yake alisifiwa malezi. Kwa hiyo kila kitu ambacho kingemstua daktari, mtaani kilihesabika adabu, na mpaka anamaliza chuo neno usonji kwake lilikuwa la watoto wadogo wasioongea, wale wanaoonyeshwa kwenye taarifa ya habari kila ikifika tarehe 2 Aprili.

Kazi aliipata kwa kuunganishiwa. Mjomba anafahamiana na mtu, huyo mtu akamwambia mtu, ikawa kol senta ya kampuni ya simu, ila mkataba wenyewe ulikuwa wa wakala wa ajira, mwaka mmoja mmoja. Mshahara ukaanza kulipa ada za wadogo wawili na kodi ya chumba.

Yaliyotokea

Mafunzo alifaulu kuliko wote. Menyu zote za huduma za fedha alikuwa nazo kichwani, makato ya kila kiwango, muamala ukikwama unakwamia wapi na nani anaukwamua. Walimu wakamsifia mbele ya darasa. Na sifa hizo zilikuja kumponza, mana mtu aliyeng'ara vile kwenye mafunzo akianza kuboronga ukumbini wanajua anafanya makusudi.

Ukumbi sasa. Watu wengi chumba kimoja, kila mtu na hedifoni yake na kila mtu anaongea, kiyoyozi kinakupulizia utosini, taa za dari nyeupe zile ndefu. Simu huipokei wewe, inaingia yenyewe: unasikia mlio sikioni na mteja keshakuwa hewani anakwambia hela yake imepotea. Ukimaliza unapewa sekunde chache uandike alichosema, alafu mlio mwingine. Shifti zinabadilika kila wiki na ratiba inatumwa wasap jumapili jioni. Pembeni kuna watu wa kwaliti, kazi yao kusikiliza rekodi na kukupa maksi: umesalimia, umetaja jina la mteja, umeonyesha kumjali, umemaliza ndani ya muda.

Mwanaidi akajitengenezea daftari. Nimeliona. Kushoto kaandika anachosema mteja, kulia anachotakiwa kujibu yeye. "Kaibiwa simu: pole sana ndugu, tuifunge laini kwanza." "Anatukana: naelewa, naomba unisikilize." "Anacheka: cheka kidogo, usirefushe." Kurasa na kurasa za hivo, na nyingine kaweka alama ya nyota kwamba hii ilifanya kazi. Brek anaenda chooni anafunga mlango anakaa mule mpaka muda uishe. Akirudi nyumbani haongei na mtu, jumamosi analala mpaka adhuhuri. Asubuhi akifika anaenda moja kwa moja kwenye kiti, hazunguki kusalimia meza kwa meza, na nyinyi mnajua ofisi zetu, mtu asiyekusalimia asubuhi mpaka saa nne kila mtu anajua anaringa, tena wakaongezea kwamba anajiona kwa sababu kaletwa na wakubwa.

Mwezi wa saba ndo pakaharibika. Mama mmoja kapiga, mumewe kafariki wiki ile ile, laini ya marehemu ina hela na hela hizo ndo walitegemea kuendeshea msiba. Mwanaidi akamjibu sahihi kabisa: cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kitambulisho chako, nenda dukani, na namba ya siri ya marehemu usiitumie. Hakusema pole. Kwenye daftari kulikuwa na kuibiwa, kukosea namba, kufungiwa laini, matusi, msiba haukuwepo. Yule mama akakaa kimya kidogo, akauliza "we binti huna wazazi?", akakata, akaenda kulalamika.

Simtetei kupita kiasi hapa. Mtu akikwambia amefiwa ukamuanza na cheti cha kifo umemuumiza, hata kama kichwani mwako unakimbia kumsaidia, na yule mama alikuwa na haki yake. Ila pia sio kweli kwamba hakuwa na huruma, alivotoka shifti ile alikaa na simu yake mpaka usiku anatafuta utaratibu wa mirathi mahakama ya mwanzo, kama kuna njia ya mkato aweze kumpigia.

Akapewa barua ya onyo. Alafu supavaiza, kwa nia njema kabisa naamini, akamuweka kwenye kochingi ya kila siku: zinachezwa rekodi zake mbele ya wenzie na kila mtu anasema alipokosea, anaambiwa tabasamu ukiwa unaongea mteja anasikia tabasamu. Wiki mbili hivi baadae simu ikaingia, mteja anaita haloo, haloo, na Mwanaidi sauti haitoki. Anamsikia, anajua cha kujibu, mdomo haufunguki. Wenzie wakamtoa nje, mmoja akasema ni mashetani, mwingine akaanza kumsomea. Mama yake akaja akampeleka kwa shehe kwa ajili ya kisomo. Mwanaidi anasema kilimsaidia, kwa sababu pale kwa shehe palikuwa kimya na hakuna aliyemtaka aongee.

Ni katika siku zile amelala nyumbani ndo akaona vidio ya dada mmoja mtu mzima anaeleza maisha yake na usonji. Akaangalia nyingine, na nyingine. Mwisho akaenda kwa daktari wa magonjwa ya akili hospitali ya rufaa, na daktari akamuita mama nae aeleze utoto ulivokuwa, mana bila habari za utotoni ni vigumu kusema. Ikathibitishwa. Ndugu wakaanza mbona anaongea, mbona ana diploma. Hiyo haimtoi mtu. Ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaotumika sehemu nyingi duniani, toleo la mwaka 2013 liliweka wote chini ya jina moja, asiyeongea kabisa na huyu mwenye diploma yake, wakitofautiana kiasi cha msaada wanaohitaji.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza, asiache kazi usiku ule. Meseji alishaiandika. Sababu yangu haikuwa kwamba kazi inafaa, kazi ilikuwa haimfai na hilo lilionekana. Sababu ilikuwa hatujui anakimbia nini. Mtu akiwa amechoka kiasi kile kila kitu kina rangi moja, atasema "siwezi kufanya kazi na watu", atatafuta kazi isiyo na watu, ataikuta ina ile ile iliyokuwa inammaliza. Kwa hiyo tukatumia likizo ya ugonjwa kwanza. Wengi hawaijui hii: hapa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Yeye alichukua wiki chache tu.

La pili, kuikatakata kazi vipande. Aliporudi nilimwambia asiandike kama siku ilikuwa nzuri au mbaya, aandike kila kipande na kilivyomuacha: kupokea simu, kujibu imeili, kujibu wateja kwa maandishi, kufuatilia miamala iliyokwama, mikutano ya asubuhi, kula pamoja, daladala. Na jibu likatushangaza wote wawili. Wateja hawakuwa tatizo! Wateja wale wale, na matusi yao yale yale, wakija kwa maandishi hawamchoshi, anaweza kuwahudumia kutwa na akatoka anaongea na mama yake vizuri. Kilichokuwa kinammaliza ni vitu viwili: mlio unaoingia bila yeye kujua utaingia saa ngapi, na kulazimika kumsikiliza mtu mmoja huku sauti za wengine wote zinaingia masikioni kwa nguvu ile ile. Mimi na wewe masikio yanachuja, yake hayachuji. Cha tatu kilikuwa ratiba ya jumapili jioni, mana jumapili nzima ilikuwa inaishia kwenye kuisubiri.

La tatu ndo gumu, aseme au asiseme. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na ile ya 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa ulemavu wake. Kwenye karatasi yupo salama. Lakini yeye ana mkataba wa mwaka mmoja wa wakala wa ajira, muda ukiisha wanaweza wasimuongezee tu na kuthibitisha kwamba walimbagua ni safari ndefu. Na ukumbi ulishaongea mashetani, ukiwapelekea na neno jipya watalifanyia wanachotaka. Akaamua asitaje jina la hali yake, aombe vitu tu. Daktari akamuandikia barua fupi kwamba anahitaji sehemu yenye kelele kidogo na saa za kazi zisizobadilika badilika, basi.

La nne, mjomba aambiwe kabla ya bosi. Kuna watu nikiwaeleza hili wanaona la pembeni. Mimi naliweka juu kabisa. Kazi ya kuunganishiwa sio mali yako peke yako, ukiharibu umemharibia aliyekuombea, na Mwanaidi alikuwa anaamka usiku kwa hilo kuliko hata onyo. Wakaenda yeye na mama yake, shikamoo mjomba, marahaba mama, vikanywewa chai, mama ndo akaeleza. Mjomba kasikiliza mpaka mwisho, akasema kumbe ndo mana ulikuwa hunipokei simu, mi nikajua umeshapata mshahara umetusahau. Alafu akamwambia, hii kazi niliomba mimi, kama kuna aibu niachie mimi, wewe angalia afya yako. Kuanzia hapo Mwanaidi akaweza kuongea kuhusu kuondoka bila kutetemeka.

Maombi kwa supavaiza yakawa matatu, kwa maandishi, ukurasa mmoja. Ahamishiwe kwenye maandishi na miamala iliyokwama angalau nusu ya siku, apewe shifti ya asubuhi tu, na marekebisho aandikiwe kwenye imeili badala ya kuchezewa rekodi mbele za watu. Hakuomba kuonewa huruma, aliambatanisha na idadi ya tiketi, yaani matatizo ya wateja yaliyosajiliwa, anazofunga kwa saa akiwa kwenye maandishi, na zilikuwa nyingi kuliko za wenzie wa meza ile.

Matokeo

La kwanza na la tatu likapita. Shifti supavaiza akasema ratiba inatoka juu, haiwezi, ila akiona mwenzie wa kubadilishana nae yeye hatazuia. Akapatikana dada mwenye mtoto mdogo aliyekuwa anatamani shifti za jioni kwa sababu asubuhi hana wa kumuachia mtoto. Kwenye zile simu za nusu siku, daftari likaongezwa ukurasa wa mbele kabisa: kabla ya jibu lolote, pole au hongera au asante, chagua moja. Kwaliti zikapanda.

Mkataba ukaongezwa. Miezi kama minane ikaenda vizuri, vizuri kiasi kwamba alianza kuona vitu wengine hawavioni. Kwenye tiketi za watu waliotapeliwa na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", akagundua hela nyingi zinatolewa kwa mawakala wale wale wachache. Akachora jedwali akalipeleka, likapanda kwa watu wa kitengo cha kuzuia udanganyifu. Hakupewa hata cheti, lakini supavaiza alimshukuru kwa imeili na ile imeili anayo mpaka leo.

Alafu supavaiza akahamishwa. Aliekuja akakuta mtu mmoja anakaa pembeni, hapokei simu siku nzima, ana shifti yake maalum, na kwenye faili hakuna karatasi yoyote inayoeleza kwa nini. Akasema hapa hatuna wateule, rudi ukumbini. Mwanaidi akamuonyesha barua ya daktari, akaambiwa ya mwaka jana hiyo. Wiki ya pili vidole vikaanza kufa ganzi asubuhi akiwaza mlio. Safari hii hakusubiri sauti ipotee, akawaandikia mapema kwamba mkataba ukiisha hataongeza, na miezi miwili iliyobaki akaitumia kutafuta.

Saivi yupo kwenye duka la jumla, anafunga mahesabu ya bidhaa zinazotoka kwa wachuuzi na hela zinazorudi. Chumba cha nyuma, watu watatu. Mshahara umepungua, ada ya mdogo mmoja imehamia kwa mjomba, na nyumbani kuna waliolalamika. Mwenye duka ni mtu wa kelele sana, ila ni mmoja, na anaanza kupiga kelele akiwa bado mlangoni kwa hiyo unajua kabisa anakuja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuikata kazi vipande. Kila mtu kabla ya hapo alikuwa anamtengeneza Mwanaidi, uso wake, sauti yake, tabasamu lake, na yeye mwenyewe ndo alikuwa fundi mkuu na daftari lake. Kujifunika hivo, yaani kuificha hali yako kwa kuigiza wengine, kunawezekana, watu wengi wenye usonji wanaishi hivo miaka, lakini kuna bei, na bei yenyewe huilipi kazini, unailipa jumamosi umelala, unailipa mama anapokuuliza umekula nini na huna neno la kumjibu, mpaka siku mwili unakata wenyewe. Ilivoonekana kwamba kinachomuumiza ni mlio na kelele, ikawa kitu cha kuombewa meza nyingine, sio tabia ya kutubia. Na ndo ilimuongoza kupata kazi ya sasa, intavyuu hakuuliza mshahara kwanza, aliomba aonyeshwe atakapokaa.

Daftari lenyewe silitupi. Wapo wanaosema mtu asijifunze maneno ya kuigiza kabisa. Mimi siafiki, kwetu pole sio mapambo, na mwenyewe alitaka kujua kuisema mahali pake. Tatizo ni pale daftari linapotakiwa kubeba kazi nzima.

Kochingi ya hadharani ilifeli na ingemfelisha mtu yeyote, kwake tu ilifika chini zaidi. Na angalia kwamba ilipobadilishwa kuwa imeili, marekebisho yale yale aliyafuata siku hiyo hiyo.

Kikubwa kilichofeli ni kwamba makubaliano yalikaa kwenye kichwa cha supavaiza. Mtu mwema akakubali kwa mdomo, kila mtu akafurahi, hakuna kilichoingia kwenye faili. Kwa anaesoma akiwa kwenye hali hii, ukishakubaliwa tuma imeili jioni hiyo hiyo: "Ahsante kwa kikao cha leo, kama tulivokubaliana nitakuwa meza ya maandishi saa fulani mpaka saa fulani", nakala iende utumishi na kwa wakala wa ajira aliyekusainisha. Haina maneno ya kisheria lakini bosi mpya akija anakuta kitu. Na barua ya daktari iwe inahuishwa, ya mwaka jana watakuchezea nayo.

Kuhusu kutotaja hali yake bado hatujakubaliana, mimi na yeye. Mimi naona aliposhaongezewa mkataba na akawa na rekodi nzuri ndo ulikuwa muda wa kusema utumishi, kwa siri, ili sheria ya 2010 iwe nyuma yake kabla supavaiza hajahama. Yeye anasema sikuwepo ukumbini siku ile wanamsomea, na kwamba hata leo angefanya vile vile. Kazini kwake kwa sasa anajua mtu mmoja, mke wa mwenye duka, ambaye alimwambia mwenyewe bila kuniuliza mimi.